Kutia Uji Uzi wa Mtande: Namna ya Kufanya, Kiasi cha Kutia na Mahali pa Kuacha

Uzi wa mtande, yaani ule wa urefu unaokazwa mtamboni kabla ya kufuma, hukatika zaidi kwa kusuguliwa kuliko kwa kuvutwa. Piga hesabu ndogo. Kama kichana cha mtambo wako, kile chenye meno kinachosukuma nyuzi mahali pake, kinatembea sentimita 20 mbele ya kitambaa, na unapiga mishindio 10 (nyuzi zinazopita kwa upana) katika kila sentimita, basi kila nukta ya uzi itapitiwa na kichana katika mapigo 200 kabla haijageuka kitambaa. Kichana huenda na kurudi, kwa hiyo ni misuguo 400, na hapo bado hujahesabu vitanzi vinavyoinua na kushusha nyuzi, wala nyuzi jirani zinazogusana kila mwanya wa kupitishia mshindio unapofunguka.

Misuguo hiyo inainua vinyoya. Kinyoya cha uzi mmoja kinamshika jirani, nyuzi mbili zinapanda pamoja wakati moja ilipaswa kubaki chini, mshindio unapita njia isiyo yake, na ukivuta kwa nguvu ili zitengane, moja inakatika. Hilo ndilo tatizo ambalo uji unatatua. Uji ni maji yenye wanga au gundi nyepesi ambayo uzi unaloweshwa nayo kabla ya kufumwa. Ukikauka, unalaza vinyoya kwenye mwili wa uzi na kuacha utando mwembamba juu yake unaochukua msuguo badala ya pamba au kitani chenyewe. Kazi ikiisha, unafuliwa na kwenda zake.

Wengi hudhani uji unatiwa ili uzi uwe na nguvu. Nguvu inaongezeka kidogo, ni kweli, lakini inalipiwa: uzi uliotiwa uji hunyumbuka kidogo kuliko ulivyonyumbuka mwanzo. Na kunyumbuka ndiko kunakouokoa uzi pale mwanya unapofunguka ghafla na mkazo kupanda. Kwa hiyo uzi ulioshiba uji ukawa mgumu kama waya unakatika upesi kuliko ule ulioachwa bila kitu. Katika mwongozo huu wote nitakuwa navuta upande wa uji kidogo, na sababu ndiyo hiyo.

Uzi upi unahitaji uji, na upi hauhitaji

Mshindio hauhitaji. Unapita mara moja, unapigwa, unatulia mahali pake. Kuutia uji ni kupoteza wanga na kukifanya kitambaa kiwe kigumu kukifua. Tunazungumzia mtande tu.

Katika mtande, wa kwanza kwenye foleni ni uzi wa msokoto mmoja, yaani uzi ambao haukuunganishwa na mwenzake: pamba ya msokoto mmoja, kitani cha msokoto mmoja, na karibu kila uzi uliosokotwa kwa mkono na ukabaki hivyo. Uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kama umesokotwa vizuri, kwa kawaida unaweza kufumwa bila uji wowote, kwa sababu kila uzi unamfungia mwenzake vinyoya. Sufu ya nyuzi mbili nayo huvumilia, isipokuwa ile laini sana yenye msokoto hafifu.

Hariri ghafi ina habari yake. Inatoka kwa kiwavi ikiwa na gundi yake ya asili, serisini, na gundi hiyo inafanya kazi ileile ya uji. Usiifue kwanza. Ifume ikiwa na gundi yake, kisha uiondoe kwa maji ya moto yenye sabuni baada ya kitambaa kutoka mtamboni.

Nyuzi za plastiki kama poliesta hazishiki wanga vizuri. Utando unabanduka kama maganda. Viwanda hutumia gundi za aina nyingine kwa nyuzi hizo. Kwa kazi ya mkono, tafuta tu poliesta iliyosokotwa nyuzi mbili au tatu, nawe umemaliza.

Ukiwa na shaka, uulize uzi wenyewe. Kata kipande cha nusu mita, funga ncha moja kwenye msumari, pitisha uzi katikati ya meno ya kichana chako, na ncha ya pili ning'iniza kitu kizito kidogo, mathalani kifungo kikubwa cha koti. Sogeza kichana mbele na nyuma mara 50 mahali palepale. Kisha weka uzi juu ya kitambaa cheusi (kama uzi ni mweusi, tumia cheupe) na uutazame kwa karibu. Ukiona vinyoya vimejikusanya kuwa vidonge vidogo, au sehemu iliyosuguliwa imekonda kuliko sehemu nyingine, tia uji. Ukiona umechakaa kidogo tu bila vidonge, huuhitaji. Jaribio hilo linachukua dakika tano na mara nyingi linakuepusha na kazi ya siku nzima.

Kabla ya kuwasha jiko

Zungusha uzi kuwa mashada, yaani duara kubwa lililolegea, si donge. Donge halipenyezi uji hadi katikati. Kila shada lifunge mahali pane kwa kipande cha uzi imara, ukipitisha kifungo katikati ya nyuzi kwa umbo la nane ili zisichanganyikane. Acha vifungo vikiwa vimelegea sana. Kifungo kilichobana kinazuia uji kuingia, na mahali hapo patabaki pakavu, penye vinyoya, na ndipo uzi utakapokatika.

Shada la gramu 100 linatosha. La gramu 300 ni shida kulikamua na shida zaidi kulikausha.

Halafu lifue. Pamba mbichi ina nta yake ya asili na sufu ambayo haijasafishwa ina mafuta ya kondoo, na uji wa maji haushikani na mafuta. Pamba na kitani zichemshe kwa maji yenye sabuni na magadi kidogo kwa saa moja, kisha suuza. Sufu iloweshe katika maji ya moto yenye sabuni bila kuisugua wala kuigeuzageuza, maana itashikamana na kuwa blanketi. Uzi wa dukani ambao tayari ni mweupe au umetiwa rangi kwa kawaida umeshasafishwa, suuza tu. Na kama una rangi, lowesha kipande kwenye maji ya moto juu ya kitambaa cheupe kwanza. Rangi inayotoka kwenye maji ya moto itatoka kwenye uji pia, na mashada ya rangi tofauti hayafai kuingia sufuria moja.

Uzi uingie kwenye uji ukiwa na unyevu lakini umekamuliwa sana. Uzi mkavu hunyonya uji kwa mabaka: hapa mwingi, pale haupo. Uzi unaotiririka maji nao unauzimua uji wako bila wewe kujua.

Hesabu ya uji

Wengi hukadiria kwa macho, kisha wanashangaa kwa nini mtande wa mwezi uliopita ulikubali na wa leo umekataa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzi wa pamba ukiloweshwa na kukamuliwa vizuri ndani ya taulo hubaki na maji yanayokaribia uzito wake mkavu. Shada la gramu 100 linabeba takribani gramu 100 za uji. Kama uji wako una gramu 50 za wanga katika lita moja, gramu 100 za uji huo zina gramu 5 za wanga, na hizo gramu 5 ndizo zitakazobaki juu ya uzi ukikauka. Yaani asilimia 5.

Viwandani pamba ya msokoto mmoja hubeba kati ya asilimia 8 na 15 hivi, kwa sababu mitambo yao hupiga mamia ya mishindio kwa dakika. Mtambo wa mkono hauna papara hiyo. Asilimia 3 hadi 5 inatosha kwa nyuzi nyingi. Nenda 6 au 7 kwa uzi mwembamba wa msokoto mmoja wenye vinyoya vingi. Zaidi ya hapo unajitafutia unga mweupe chini ya mtambo.

Ukitaka kuhakikisha, pima shada kabla na baada. Tahadhari moja: pamba hubeba unyevu wa hewa, na unyevu huo peke yake unaweza kuongeza gramu kadhaa. Kwa hiyo shada liache chumbani kilekile siku nzima kabla ya kila kipimo, na vipimo vyote vifanye katika hali ya hewa inayofanana. Vinginevyo utakuwa unapima mvua.

Uji wa wanga, kwa pamba na kitani

Wanga wa mahindi, muhogo, viazi au mchele, wote unafaa. Wa muhogo hutoa utando unaong'aa na unaokunjika bila kupasuka, ndio ninaoupenda. Wa mahindi ni mgumu zaidi na ukipoa huganda upesi. Unga wa ngano wa kawaida unashika sana kwa sababu ya utomvu wake wa protini, na wafumi wa zamani waliutumia kwa karne nyingi, ila lazima uchujwe mara mbili.

Kwa lita moja ya uji inayotosha mashada mawili ya gramu 100:

1. Koroga gramu 40 za wanga katika kikombe cha maji baridi mpaka pasiwe na punje. Maji baridi, si ya uvuguvugu. Wanga ukikutana na moto kabla haujasambaa hujifunga mabonge ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja.
2. Chemsha maji yaliyobaki kutimiza lita. Yakianza kuchemka, mimina wanga taratibu huku unakoroga bila kusimama.
3. Punguza moto, pika dakika 10 hadi 15. Wanga huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, lakini kuvimba si kuiva. Utaona uji mweupe unageuka polepole kuwa wa kung'aa, karibu uweze kuona mwiko ndani yake. Hapo umeiva. Wanga usioiva hukaa juu ya uzi kama vumbi na kupukutika wote kwenye pigo la kwanza.
4. Ongeza kijiko kidogo kisichojaa cha mafuta ya nazi, au kipande cha nta ya nyuki chenye ukubwa wa punje ya hindi. Koroga mpaka kipotee. Mafuta haya ndiyo yanayoulainisha utando ili ukunjike bila kuvunjika. Usizidishe, maana uzi wenye mafuta mengi hunata na kukusanya uchafu.
5. Chuja kwa kitambaa chepesi ukiwa bado wa moto.

Chovya kidole gumba na cha shahada, kisha vibonyeze pamoja na kuviachanisha mara kadhaa. Mwanzoni viteleze, baada ya nusu dakika vianze kushikana kidogo tu. Vikigandana papo hapo, uji ni mzito, ongeza maji ya moto. Visiposhikana kabisa, ni maji.

Uji wa wanga ni wa siku hiyohiyo. Ukilala huganda, ukipashwa moto haurudi ulivyokuwa, na kwenye joto unachacha. Pika kinachotosha.

Uji wa sufu na uji wa kitani

Wanga juu ya sufu unakubali lakini haukai vizuri, na kuutoa kunahitaji maji ya moto ambayo sufu haiyapendi. Tumia jelatini isiyo na sukari wala ladha. Loweka gramu 10 katika kikombe cha maji baridi kwa dakika 10 ivimbe, kisha ongeza maji ya moto hadi ifike lita moja na ukoroge mpaka iyeyuke. Isichemke, maana jelatini iliyochemshwa hupoteza mshiko wake. Sufu ichovywe uji ukiwa wa uvuguvugu wa kuvumilika na mkono, na sufu yenyewe iwe na joto linalokaribiana na hilo. Gramu 10 kwa lita inaonekana haba ukilinganisha na wanga, ila jelatini inashika zaidi.

Kitani kina dawa yake inayotoka kwenye mmea uleule. Chemsha vijiko viwili vikubwa vya mbegu za kitani katika lita moja ya maji kwa dakika 15 hivi, mpaka maji yawe ya utelezi. Chuja upesi yakiwa ya moto. Yakipoa hayapiti kwenye kitambaa, yananing'inia tu. Utelezi huo unalaza vinyoya vya kitani vizuri ajabu na unatoka kwa maji ya kawaida.

Kwa nyuzi za rangi nzito, ambazo wanga huzifanya zionekane zimepigwa vumbi, kuna unga wa selulosi uitwao CMC, uleule unaotumika kama gundi ya karatasi za ukutani. Nyunyiza gramu 10 juu ya lita moja ya maji huku unakoroga, uache usiku kucha uyeyuke. Hauhitaji jiko, hauonekani kwenye nyeusi wala kwenye buluu, na unafulika kwa maji tu. Hakikisha ni unga mtupu. Gundi nyingine za ukutani zimechanganywa na dawa za kuzuia kuvu.

Kuchovya, kukamua, kukausha

Uji wa wanga ukiwa wa moto ambao mkono wenye glavu unaweza kuvumilia, zamisha shada lote na ulibonyeze polepole kwa dakika tatu au nne. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mpaka hewa itoke. Usilisokote wala kulisugua. Litoe, lipitishe kwenye ngumi kutoka juu kwenda chini uji wa ziada urudi sufuriani, kisha likunje ndani ya taulo na ulikanyage. Naam, likanyage. Mikono haitoshi, na ile hesabu ya asilimia inategemea ukamuaji huu.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi ya watu wengi. Shada likiachwa limening'inia tu, uji unashuka, sehemu ya chini inakuwa ngumu na nyuzi zote zinagandana. Fanya hivi: ning'iniza shada kwenye mti laini uliopitishwa juu ya viti viwili, pitisha mti wa pili chini yake na ufunge uzito mdogo, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Kisha ingiza mikono yote miwili ndani ya duara na uipanue kwa ghafla, kama mtu anayekung'uta shuka. Utasikia nyuzi zikiachana kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Geuza shada robo mduara ili sehemu iliyokuwa chini ipande, na urudie. Saa ya kwanza fanya hivyo kila baada ya dakika 10. Baadaye kila unapokumbuka. Uzi uliokung'utwa ukiwa na unyevu hukauka kila mmoja peke yake. Uliosubiriwa ukauke ndipo utenganishwe utang'oka vinyoya vyote ulivyokuwa umevilaza.

Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali, kwa sababu jua hukausha utando wa nje kabla ya ndani na kuufanya upasuke.

Ukikauka, uzungushe moja kwa moja kwenye vijiti vya kutandia. Pitisha uzi kati ya vidole. Uwe mwororo, wenye mwili kidogo, bila punje. Ukikutana na punje, ipondeponde kwa kucha sasa, usingoje ikutane na kichana.

Kupaka uji mtande ukiwa mtamboni

Wakati mwingine unagundua tatizo ukiwa umeshatanda. Usibomoe kazi. Tengeneza uji mwepesi zaidi, gramu 20 hadi 25 kwa lita, na utumie brashi mbili laini za upana wa kiganja. Fanya kazi kwenye sehemu ya mtande iliyo nyuma ya vitanzi tu, kati ya vitanzi na gogo la nyuma linalozungushiwa mtande. Brashi moja juu ya nyuzi, nyingine chini yake, zikitembea pamoja upande mmoja tu, kuelekea gogo. Ukipaka kwenda na kurudi unaviinua vinyoya upya. Pitisha brashi kavu kufuta ziada, fungua mwanya ili nyuzi za juu na za chini ziachane, na ukaushe kwa feni. Usisogeze mtande mpaka ukauke kabisa. Uji mbichi ukifika kwenye vitanzi utavigandisha.

Hii ndiyo njia ya kale, na ilikuwa inakula muda. Wafumi wa pamba walisimamisha kazi kila walipomaliza kipande, wakapaka uji kipande kinachofuata, wakapepea mpaka kikauke. Mitambo ya nguvu za mvuke ilipoanza, kusimama huko kulifuta faida yote ya mashine. William Radcliffe wa Stockport, Uingereza, pamoja na fundi wake Thomas Johnson ndio waliotengeneza mashine ya kutia uji mtande mzima kabla haujafika mtamboni, kwa hataza za mwaka 1803 na 1804. Tangu hapo kutia uji kukawa kazi inayojitegemea kiwandani.

Dalili na tiba zake

Unga mweupe sakafuni: utando ni mkavu mno au wanga ni mwingi. Kabla ya kulaumu uji, angalia hewa. Utando wa wanga hukakamaa hewa ikiwa kavu, ndiyo maana vyumba vya kufumia pamba viwandani huwekwa unyevunyevu, mara nyingi unaokaribia asilimia 75 na zaidi. Nyumbani, tandika taulo lenye unyevu juu ya gogo la nyuma usiku na uweke beseni la maji chini ya mtambo. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Nyuzi zinanata: mafuta yamezidi, au hewa ina unyevu mwingi. Fungua madirisha kwanza.

Nyuzi zinakatika kwa kishindo, bila vinyoya kwenye ncha iliyokatika: uji umezidi, uzi hauna mnyumbuko. Futa mtande kwa kitambaa chenye unyevu nyuma ya vitanzi, na ulegeze mkazo. Zikikatika polepole, ncha ikiwa ndefu na yenye vinyoya kama mkia wa panya, basi uji ni haba. Pitisha kipande cha nta ya nyuki juu ya nyuzi zilizokazwa, kwa wepesi. Tofauti ya hizo ncha mbili ni vizuri kuijua, kwa sababu tiba ya moja ni sumu ya nyingine.

Harufu ya uchachu au madoa ya kijivu: kuvu. Mtande uliotiwa wanga hauwekwi miezi. Wadudu wanaokula karatasi wanaupenda pia. Ufume upesi au usiutie.

Kama unafuma kwa sindano

Ufumaji wa sindano, wa mkono au wa mashine, haufai uji wa wanga. Hapa uzi unakunjwa kwa kona kali kila kitanzi, na utando mgumu unapasuka palepale. Kinachotakiwa ni utelezi. Uzi wa mashine za kufumia sweta hupitishwa juu ya kidonge cha nta wakati unazungushwa kwenye koni, na kiasi ni kidogo mno, kama gramu moja au mbili za nta kwa kilo nzima ya uzi. Nta ikizidi hapo msuguano unarudi kupanda badala ya kushuka, na mabaki yanaziba sindano za mashine.

Ukitaka kufanya nyumbani, shika kipande cha mshumaa wa parafini njiani mwa uzi unapouzungusha, uzi ukigusa tu bila kuchimba mfereji mzito. Kama uzi unahitaji kupigwa mvuke ili msokoto utulie, piga mvuke kwanza, nta baadaye. Joto huyeyusha nta ikazama ndani ya uzi, na nta iliyozama haisaidii kitu.

Uzi wa msokoto mmoja unaojikunja wenyewe na kukusumbua mkononi unaweza kuuloweka kwenye jelatini nyepesi sana, gramu 3 au 4 kwa lita, na kuukausha ukiwa na uzito. Utatulia wakati wa kufuma. Ila fahamu kwamba msokoto haujaondoka, umelazwa tu; ukifua sweta, itapinda upande.

Kuutoa

Kitambaa kikitoka mtamboni, toa uji kabla ya kukitia rangi, kukipauza au kukikata. Wanga uliobaki huzuia rangi kuingia, na mabaka yake huonekana baada ya rangi, wakati hakuna cha kufanya.

Wanga mkavu hautoki kwa maji baridi. Loweka kitambaa cha pamba au kitani katika maji ya nyuzi joto 60 hivi yenye sabuni ya unga ambayo ina vimeng'enya vya kuvunja wanga. Kwenye pakiti vitaandikwa amilesi. Acha saa kadhaa, fua, suuza kwa maji ya moto. Jelatini inatoka kwa maji ya uvuguvugu, na utelezi wa mbegu za kitani halikadhalika. Nta ya nyuki inahitaji maji ya moto sana na sabuni, sababu nyingine ya kuitumia kwa uchache.

Kujua kama wanga umeisha, chukua matone mawili ya iodini ya duka la dawa, uyazimue kwa maji mpaka yawe na rangi ya chai hafifu, na udondoshe tone moja kwenye pindo litakalokatwa. Likibaki la njano au kahawia, wanga umekwisha. Likigeuka buluu nzito au jeusi, rudisha kitambaa kwenye beseni. Dondosha tone jingine katikati ya kipande cha kujaribia pia kama ulifuma kimoja, kwa sababu pindo hupata maji zaidi kuliko katikati na hutangulia kusafika.